Hati ya Bima: Kwa Nini Wakala Aikague na Kuipeleka Mwenyewe, na Namna ya Kufanya Hivyo

Mteja wa bima hununua karatasi. Hana mzigo wa kubeba wala mashine ya kuwasha aone kama inafanya kazi. Anapokea hati, anaifungia kabatini, na mara nyingi haifungui tena mpaka siku gari limepondeka au kuna msiba nyumbani. Kosa lililochapwa kwenye hati hiyo linaweza kukaa kimya miaka kumi. Likijitokeza, linajitokeza mbele ya ofisa wa madai, na hapo muda wa kulirekebisha umeshapita.

Kati ya fomu ya maombi na hati iliyokamilika kuna mikono mingi: yupo anayeingiza taarifa kwenye kompyuta, yupo anayepima hatari, yupo anayepanga ada, yupo anayechapa. Kila mmoja anakijua kipande chake tu. Wakala ndiye aliyekaa na mteja, akasikia anachotaka, na akatamka kwa mdomo wake kitakachofidiwa. Hakuna mwingine anayeweza kulinganisha kilichoahidiwa na kilichoandikwa. Hati ikipita kwa tarishi moja kwa moja, au ikitumwa kwa barua pepe bila kufunguliwa, ulinganisho huo haufanywi na mtu yeyote.

Ipo pia sababu ya tarehe. Katika nchi nyingi, mteja wa bima ya maisha hupewa muda wa kuisoma hati na kuirudisha arejeshewe fedha zake, mara nyingi kati ya siku 10 na 30, na kwa kawaida muda huo huhesabiwa tangu alipopokea hati. Bila uthibitisho wa siku ya kupokea, hakuna anayejua umeisha lini. Zaidi ya hapo, kama mteja hakulipa ada ya kwanza pamoja na maombi, bima nyingi za maisha hazianzi mpaka mambo matatu yatimie: hati imfikie, ada ilipwe, na afya yake iwe haijabadilika tangu alipojaza fomu. Hati iliyolala wiki tatu kwenye droo ya wakala inaweza kuwa wiki tatu za mtu kutembea bila bima huku akiamini anayo.

Kabla hati haijafika

Kazi ya kukagua huanza siku ile ile ya kujaza fomu. Weka kwenye jalada la mteja nakala ya fomu iliyosainiwa, makadirio ya ada uliyompa, stakabadhi za malipo, nakala ya kitambulisho, kadi ya gari au hati ya nyumba, picha za mali, na mawasiliano yote ya maandishi. Kisha chukua karatasi moja, uandike juu yake: “Niliyomwahidi.” Mistari mitano au sita inatosha. Gari litaendeshwa na mwanawe pia. Mafuriko yamo. Duka la pili limo. Karatasi hiyo iandikwe siku hiyo hiyo. Ukingoja mwezi mmoja, utakumbuka unachotaka kukumbuka.

Andika pia tarehe ya kufuatilia. Kama mteja analindwa na hati ya muda, ile karatasi ya kumlinda wakati hati kamili inasubiriwa, hesabu siku zilizobaki kabla haijaisha, na uanze kuulizia hati kamili muda huo ukiwa umefika nusu. Usisubiri siku mbili za mwisho.

Ukaguzi wa kwanza: jedwali

Jedwali ni ule ukurasa, au kurasa chache, wenye jina, namba, kiasi na tarehe za mteja huyu hasa. Kurasa nyingine ni zile zile kwa kila mtu. Makosa mengi yanapatikana hapa, kwa sababu hapa ndipo mtu aliandika kwa vidole.

Weka fomu ya maombi kushoto, hati kulia, na rula juu ya mstari unaosoma. Usikague kwa kumbukumbu. Mkiwa wawili ni bora zaidi: mmoja asome namba kwa sauti, tarakimu moja moja, mwingine afuate kwa penseli. Hati ya kawaida ya gari au nyumba huchukua kama nusu saa. Ya kiwanda au ya kikundi cha wafanyakazi inaweza kula nusu siku, na haina njia ya mkato.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, kwa mpangilio ule ule. Kama mali ni ya kampuni, basi mwenye bima ni kampuni, si mkurugenzi wake. Ukiandika mkurugenzi, siku ya hasara kampuni yenye mali haina bima na mkurugenzi mwenye bima hana mali. Kama benki imekopesha fedha za kununua nyumba au gari, maslahi yake yaonekane kwenye hati, la sivyo mteja atakuwa amevunja masharti ya mkopo bila kujua.

Tarehe ya kuzaliwa kwenye bima ya maisha isomwe mara mbili, kwa sababu siku na mwezi hubadilishana nafasi kirahisi na kompyuta haina namna ya kugundua. Mara nyingi kampuni haitakataa kulipa kwa sababu ya umri tu. Kwa kawaida itashusha malipo yalingane na umri wa kweli. Tuseme mtu analipa 50,000 kwa mwaka kwa bima ya milioni 10, ilhali kwa umri wake halisi ada ilipaswa kuwa 60,000. Warithi watapata kama milioni 8.3. Pengo la milioni 1.7 limetokana na tarakimu mbili kupishana.

Kipindi cha bima kiungane na kile kilichotangulia. Bima ya zamani iliyoisha usiku wa tarehe 30 Juni na mpya inayoanza tarehe 2 Julai zimeacha siku nzima wazi, na moto hauangalii kalenda.

Kwa gari, linganisha namba ya chesisi na ile iliyogongwa kwenye gari lenyewe, si kadi tu. Namba ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17, na haitumii kamwe herufi I, O wala Q, kwa sababu zinafanana na 1 na 0. Ukiiona mojawapo ya herufi hizo katika namba ya tarakimu 17, hati ina kosa. Huna haja hata ya kwenda kulitazama gari. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi yenye kistari katikati, kwa hiyo usishtuke ukikuta hazifiki 17. Angalia pia matumizi yaliyoandikwa. Gari la “matumizi binafsi” linalobeba mizigo ya biashara kila Jumatatu ni dai lililokataliwa ambalo bado halijatokea.

Kwa nyumba au duka, soma anwani, aina ya kuta na paa, na shughuli inayofanyika ndani. Ghala la nguo na ghala la rangi na gundi haviwaki kwa namna moja, na kampuni ilipanga ada kwa kuamini neno lililoandikwa hapo.

Kisha kiasi cha bima. Kwanza hesabu sifuri. Halafu ujiulize kama kiasi hicho kinafanana na thamani ya mali, kwa kuwa bima pungufu ndiyo inayowaumiza wateja kimya kimya kuliko kosa lingine lolote. Hati nyingi za mali zina kanuni ya wastani: ukikata bima ya sehemu, unafidiwa sehemu. Nyumba ya thamani ya milioni 100 iliyokatiwa bima ya milioni 60, ikiungua jiko na sebule kwa hasara ya milioni 30, mwenye nyumba atapata milioni 18. Yeye alidhani milioni 60 zinatosha sana kulipa 30. Hiyo ni hesabu ya asilimia 60, kabla hata eksesi haijatolewa.

Mwisho wa jedwali ni eksesi yenyewe, yaani sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hubeba mfukoni mwake. Itazame kama ni kiasi maalumu, asilimia ya dai, au asilimia ya kiasi chote cha bima. Asilimia 5 ya dai la milioni 2 ni 100,000. Asilimia 5 ya gari la milioni 20 ni milioni nzima. Maneno mawili tu ndiyo yanayotofautisha.

Ukaguzi wa pili: maneno

Sasa chukua ile karatasi ya “Niliyomwahidi” na usome hati yote, pamoja na herufi ndogo. Kwa kila ahadi, tafuta kifungu kinachoibeba na uandike namba ya ukurasa pembeni ya karatasi yako. Ahadi isiyo na ukurasa haipo.

Nyongeza, yaani karatasi zinazoambatanishwa na hati kubadilisha maneno yake, ndizo hutoweka zaidi. Jedwali linaweza kutaja nyongeza namba 3, 7 na 12, lakini karatasi zilizobanwa nyuma ni 3 na 7 pekee. Zihesabu. Zisome pia, kwa maana nyongeza inaweza kupunguza kinga badala ya kuiongeza, na kwa kawaida maneno yake huyashinda yale ya hati kuu.

Yasiyofidiwa yasome kwa kumfikiria mteja huyu, si mteja wa kitabuni. Bima nyingi za wizi hudai dalili za kuvunja. Muuza duka anayehofia zaidi wafanyakazi wake anahitaji kinga nyingine. Hati nyingi za nyumba hupunguza au kusimamisha kinga nyumba ikikaa bila mtu kwa muda uliotajwa, aghalabu siku 30 au 60. Mteja anayesafiri miezi mitatu kila mwaka lazima alijue hilo. Vito, fedha taslimu na vifaa vya thamani mara nyingi vina ukomo wao mdogo ndani ya kiasi kikubwa cha bima.

Masharti ya lazima yanahitaji jicho kali kuliko yote: mitungi ya kuzimia moto ihudumiwe, king’ora kiwashwe usiku, mlinzi awepo, vitabu vya hesabu viwekwe mbali na duka. Mteja anapokubali sharti asiloweza kulitimiza, amelipa ada kwa ajili ya kinga iliyotoboka. Kama unajua king’ora chake kimeharibika tangu mwaka jana, sasa ndio wakati wa kusema.

Kwenye bima ya maisha, ongeza haya: wanufaika na mgawo wao ufikie asilimia 100 kamili, jina la mnufaika liandikwe, lisiwe “mke wangu” tu, mnufaika aliye mtoto awe na mtu mzima wa kumpokelea, muda wa nyongeza wa kulipa ada iliyochelewa, mara nyingi siku 30 au 31, na kifungu cha kujiua, ambacho kwa kawaida huzuia malipo katika mwaka wa kwanza au miwili ya kwanza. Angalia hasa kama kampuni imetoa hati tofauti na iliyoombwa, mathalani ada imepanda kwa sababu ya vipimo vya afya, au ugonjwa fulani umeondolewa. Mteja hajakubali hati hiyo mpaka aelezwe tofauti na aikubali kwa maandishi.

Ukikuta kosa

Usilisahihishe kwa kalamu. Hata herufi moja. Hati iliyochorwachorwa na wakala inazua swali la nani alibadilisha nini na lini, na swali hilo litaulizwa siku mbaya.

Iandikie kampuni, ukitaja namba ya hati, ukurasa, lilivyoandikwa na linavyopaswa kuandikwa, na uambatanishe ukurasa wa fomu unaothibitisha. Kosa la tahajia linaweza kurekebishwa kwa nyongeza. Kosa la kiasi, kipindi au mwenye bima omba hati mpya kabisa, kisha ya zamani irudi kampuni isije ikabaki hati mbili mikononi mwa mteja. Omba jibu la maandishi kwamba kinga sahihi inaendelea wakati marekebisho yanafanyika. “Hakuna shida” ya kwenye simu haitoshi.

Kama kosa limetoka kwako, kwenye fomu uliyoijaza, sema hivyo. Kulificha kosa la siku tano kunaligeuza kuwa udanganyifu wa miaka mitano. Na kama mteja hakusema ukweli, tuseme hakutaja ugonjwa au hasara za nyuma, usiikabidhi hati mpaka kampuni ijue. Bima imejengwa juu ya uaminifu kamili wa pande zote mbili. Kanuni hiyo iliwekwa wazi katika mahakama za Uingereza mwaka 1766, na sehemu kubwa ya dunia ingali inaifuata kwa namna moja au nyingine.

Kosa dogo lisikufanye uikalie hati kwa mwezi. Kama kinga imeshaanza na dosari ni ndogo, mjulishe mteja kwamba hati imefika na inarekebishwa.

Kupanga siku ya kukabidhi

Mpigie mteja ndani ya siku mbili au tatu baada ya hati safi kufika. Omba dakika 45, na mwambie unakuja kufanya nini: “Tutapitia hati yako pamoja, utie sahihi ya kuipokea.” Kwenye bima ya maisha, omba mwenzi wake awepo, maana huenda ndiye atakayedai. Kwenye biashara, anayetunza funguo na vitabu vya hesabu awepo, kwani masharti mengi yatamwangukia yeye. Ukikuta mteja ana wageni au yuko mbioni, panga siku nyingine. Hati inayoachwa kwa mlinzi getini haijakabidhiwa.

Beba hati, nakala yako, fomu ya kupokea katika nakala mbili, fomu tupu ya madai, na karatasi moja yenye namba ya hati, simu ya dharura ya kampuni na tarehe ya ada inayofuata. Wengine huiweka hati kwenye jalada gumu lisilopitisha maji. Ni jambo dogo, lakini hati iliyohifadhiwa vizuri hupatikana siku inapotafutwa.

Mezani

Anza na sababu iliyomfanya akate bima. Alihofia nini? Mwachie aseme. Kisha fungua jedwali, mpe kalamu, na umwombe akague mwenyewe jina, tarehe, namba na kiasi. Wewe umeshakagua, ndiyo. Lakini yeye ndiye anayejua kwamba alihama nyumba wiki iliyopita.

Baadaye eleza kinachofidiwa kwa mifano miwili mitatu ya maisha yake, usimsomee vifungu. Ukifika kwenye yasiyofidiwa, punguza mwendo. Mawakala wengi huharakisha hapa kwa hofu kwamba mteja ataghairi. Akighairi leo kwa kuelewa, umepoteza kamisheni moja. Akigundua siku ya msiba, amepoteza fidia na wewe umepoteza ukoo mzima na majirani. Mwonyeshe vifungu vitatu vinavyomgusa zaidi, uviwekee alama kwa kijikaratasi cha kubandika bila kuchora kwenye hati, na umuulize, “Hili likitokea, unadhani tutalipwa?” Jibu lake litakuonyesha kama ameelewa. Kutikisa kichwa hakutoshi.

Halafu madai: ajulishe nani, kwa muda gani uliotajwa kwenye hati, asiguse nini, apige picha gani, aende polisi katika hali zipi, na asikiri kosa wala kuahidi malipo kwa mtu mwingine bila idhini ya kampuni. Sharti hili la mwisho limo kwenye hati nyingi za dhima na magari, na watu wema hulivunja kwa huruma tu pale barabarani.

Ada nayo: lini, kwa njia gani, na nini kinatokea akichelewa. Kama unapokea ada ya kwanza siku hiyo kwenye bima ya maisha, muulize kuhusu afya yake tangu alipojaza fomu na ajaze tamko linalohitajika. Akisema alilazwa mwezi uliopita, usichukue fedha wala usiache hati. Rudi kwanza kampuni.

Usiuze bima nyingine siku hiyo. Ukiona pengo kubwa, litaje kwa sentensi moja, liandike, na uombe nafasi nyingine.

Sahihi ya kupokea

Fomu ya kupokea itaje namba ya hati, idadi ya kurasa na nyongeza zilizokabidhiwa, tarehe halisi, na mambo makuu yaliyoelezwa. Mteja aandike tarehe kwa mkono wake. Usiirudishe nyuma hata siku moja ili ilingane na mwisho wa mwezi au lengo la mauzo. Tarehe hiyo ndiyo inayofungua saa ya muda wa kurudisha hati, na kuichezea ni kumnyima mteja haki yake. Nakala moja ibaki kwake, nyingine kwako, na kampuni ipate yake ikiwa inaidai.

Mteja akikataa kipengele ulichomshauri, kwa mfano kuongeza kiasi cha bima, kiandikwe kwenye fomu hiyo na asaini. Ni ulinzi wako, na mara nyingi kuona neno “nimekataa” juu ya sahihi yake humfanya afikirie upya.

Hati za kielektroniki na wateja wa mbali

Umbali haukuondolei kazi. Unabadilisha chombo tu. Kagua faili kwanza, tuma, kisha mfungue wote kwa simu ya video na mpitie kurasa zile zile. Hakikisha faili limefunguka kwake na lina kurasa zote, kwa sababu simu nyingine huonyesha ukurasa wa kwanza tu. Omba uthibitisho wa maandishi wenye tarehe, na umshauri achapishe jedwali na amwonyeshe mtu mmoja anayemwamini mahali alipolihifadhi. Hati iliyo ndani ya simu iliyofungwa kwa namba ya siri ya marehemu haina faida kwa warithi.

Baada ya kutoka

Siku hiyo hiyo, andika muhtasari wa mistari kumi kwenye jalada: nani alikuwepo, maswali aliyouliza, ulichojibu, ulichoahidi kufuatilia. Peleka kampuni taarifa yoyote iliyobadilika. Baada ya siku saba mpigie umuulize kama ameisoma na kama kuna kifungu kinachomsumbua. Wengi huwa na swali moja waliloona aibu kuliuliza mbele ya mwenzi wao. Weka kwenye kalenda siku 60 kabla ya hati kuisha, au kila mwaka kwa bima ya maisha, na siku hiyo ianze tena kwa rula, penseli na ile karatasi ya “Niliyomwahidi.”